Lishe ya mama na mtoto ipite pia kwenye mashine za mtaani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme machache kuhusu mipango ya lishe ya mama na mtoto, ambayo kila mwaka tunaambiwa inapanuliwa ifike kila mtaa. Mimi si mtaalamu wa afya. Nina mashine ya kukoboa na kusaga hapa Pasua, Moshi, na wateja wangu wengi ni akina mama wenye watoto wadogo.

Wakija husema, "Mama, naomba unisagie lishe." Ukifungua mfuko unakuta mahindi, ulezi, mchele, ngano, mtama, soya, karanga, mbegu za maboga, na siku hizi hata dagaa. Wameambiana kwamba nafaka zikiwa nyingi ndivyo mtoto anavyonawiri. Karanga zinaziba chekeche. Soya mara nyingi ni mbichi kabisa, haijachemshwa wala kukaangwa, na soya mbichi humsumbua mtoto tumboni badala ya kumjenga. Unga wenyewe ukikaa wiki chache unanuka mafuta yaliyochacha. Wataalamu wamekuwa wakieleza kwamba nafaka moja na jamii ya kunde moja zinatosha, na karanga zitwangwe pembeni zitiwe wakati wa kupika uji. Ila anayesikia hayo ni yule aliyefika kliniki siku muuguzi alipopata nafasi ya kuongea. Ambaye hakufika, kwangu anafika.

Kubwa zaidi ni sumukuvu, yaani sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka. Mwezi uliopita binti mmoja, mtoto mgongoni, aliniletea mahindi ya bei nafuu. Nikayamwaga kwenye ungo pale barazani: punje zimesinyaa, nyingine zina rangi ya kijani kwenye kiini, na harufu ile ya gunia lililolala chini kwenye sakafu ya udongo. Nikamwambia hayo siyasagi kwa ajili ya mtoto. Akanitazama kama vile nataka anunue ya kwangu. Nilimwelewa, maana fedha alishaitoa. Tukakaa tukachambua punje moja moja, nusu ikaenda pembeni, na hiyo nusu alitaka kuondoka nayo akawape kuku. Nayo nilimkatalia, maana kuku nao wanadhurika.

Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu 20 Dodoma na Manyara, wengi tukasikia jina hilo kwa mara ya kwanza. Lakini madhara yake hayaishii kwenye vifo vya ghafla. Hapa hapa mkoani kwetu, Rombo, watafiti walipima unga wa mahindi wanaopewa watoto wachanga, wakaona waliokula sumu ya ukungu kupita kiwango walikuwa wafupi na wepesi kuliko wenzao. Kwa hiyo mama anaweza kumlisha mwanawe uji mara nne kwa siku, kwa bidii zote, na kadi ya kliniki bado ikakataa kupanda. Halafu analaumiwa yeye.

Takwimu za taifa za 2022 zinasema watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Mwaka 2015/16 walikuwa 34. Tumeshuka, ila taratibu mno. Na mikoa inayoongoza kwa udumavu ni Iringa, Njombe na Rukwa, ile ile inayotulisha mahindi! Shida basi haiwezi kuwa ghala tupu.

Nije kwa mama mjamzito. Vidonge vya madini chuma na foliki asidi anapewa kliniki, ni jambo jema sana. Lakini uti wa mgongo wa mtoto hufunga ndani ya wiki nne za mwanzo tangu mimba kutungwa, wakati wanawake wengi hata hawajajua kama ni wajawazito. Akifika kliniki mimba ina miezi minne, kidonge kitamsaidia kwenye damu, ila kwa kuzuia mgongo wazi, yaani uti usiofunga, kimechelewa. Kinachoweza kumfikia mapema ni chakula anachokula kila siku, na huku kwetu, pamoja na sifa zote za mtori na machalari, vyakula vyetu vya ndizi, jioni watu wanasonga ugali.

Kanuni za kuongeza virutubishi kwenye vyakula zipo tangu 2011. Viwanda vikubwa vya ngano na mafuta ya kula vimebanwa. Lakini mahindi ya Watanzania wengi yanasagwa kwenye mashine kama yangu, na sisi tunakoboa, tunatoa kiini na pumba zenye vitamini, tunampa mteja weupe aliouomba. Kwenye chumvi nchi ilifanikiwa kwa sababu madini joto yanawekwa huko huko inakotoka, mpishi hahitaji kuhubiriwa. Wazee wa milimani wanaikumbuka goita, ule uvimbe wa shingo wa kukosa madini joto.

Vifaa vya kudondosha virutubishi kwenye mashine ndogo vipo. Shirika la Sanku limekuwa likivifunga hapa nchini, na gharama ya virutubishi linaifidia kupitia mifuko ya kufungashia unga linayowauzia wasagaji. Hilo linafaa kwa sembe ninayouza mwenyewe. Kwa mama aliyeleta kilo tatu zake itabidi kijiko maalumu na kuchanganya kwa mkono, kazi inayotaka mafunzo. Na suala la fedha tusilifumbie macho: nikiongeza hata shilingi hamsini kwa kilo, mteja anavuka barabara kwa jirani yangu. Ndiyo maana haiwezekani mashine moja ianze peke yake kwa moyo wa kujitolea.

Halmashauri zilishaagizwa kutenga shilingi 1,000 kwa kila mtoto wa chini ya miaka mitano. Naomba sehemu ya fedha hiyo itoke kwenye semina za hotelini. Huko siku moja walijadili unga wa mtoto tangu asubuhi mpaka chai ya saa kumi, na hakuna msagaji hata mmoja aliyeitwa. Iende kwenye virutubishi kwa mashine zote za kata kwa pamoja, na kwenye kipima unyevu kimoja kila mtaa, maana mahindi yaliyozidi unyevu wa asilimia 13.5 hayafai kuhifadhiwa, na kwa kung'ata jino huwezi kujua tofauti ya 13 na 15.

Na ile Siku ya Afya na Lishe inayofanyika kila robo mwaka, mara moja ifanyieni mashineni badala ya ofisi ya mtaa. Jumamosi asubuhi foleni inafika barabarani. Mizani ninayo, kivuli kipo, umeme tu ndio siwezi kuuahidi.

Mama wa mashine,
Pasua, Moshi