Kuhusu swali lako la mkojo

Tanga, Jumapili

Shoga yangu Zuhura,

Nimefurahi mno kusikia mjomba ametoka salama chumba cha upasuaji. Uliniuliza imekuwaje uvimbe wote ule ukae figoni na vipimo vyake vya mkojo vyote vije safi. Kile kijiti tunachochovya maabara hutafuta damu, sukari, protini na dalili za maambukizi. Saratani yenyewe hakiijui. Na saratani ya figo ni kimya. Wengi hugundulika kwa bahati, wakipigwa utrasaundi kwa jambo jingine, kama yeye.

Ila mkojo bado unatafitiwa. Kuna kazi ya watafiti Jeremiah Morrissey na Evan Kharasch, waliyoifanya wakiwa Chuo Kikuu cha Washington kule St. Louis, Marekani, ambayo naipenda sana. Walifuatilia protini mbili, akwaporini-1 na perilipini-2. Ya kwanza hupitisha maji kwenye seli za mirija ya figo, hapo hapo inapoanzia aina kuu ya saratani hii. Ya pili hufunika matone ya mafuta, na seli za saratani hiyo zimejaa mafuta. Mwaka 2010 walionyesha kuwa protini hizo ziko juu kwenye mkojo wa wagonjwa, na uvimbe ukishatolewa zinashuka. Huko kushuka ndiko kulikonipa imani. Mwaka 2015 wakapima mkojo wa watu 720 waliokuja kupigwa picha ya CT ya tumbo kwa sababu nyingine. Watatu tu ndio protini zao zilikuwa juu, na wawili kati yao wakakutwa na saratani ya figo.

Wawili ni wachache, shoga. Ugonjwa wenyewe ni adimu, hivyo kipimo kikikosea hata kidogo, wazima wengi wataishia kuchanwa bure. Ndiyo maana hakijawa kipimo cha kawaida hospitalini. Mtu akimuuzia kaka yako kipimo cha namna hiyo, asitoe hela. Aende utrasaundi, maana anavuta sigara na ana presha.

Na akiona damu kwenye mkojo, tafadhali asimeze dawa ya kichocho akanyamaza. Huku pwani tumezoea hivyo, na inaniuma. Mayai ya kichocho yasipoonekana, au damu ikirudi baada ya dawa, figo na kibofu viangaliwe.

Majibu ya kile kipande cha nyama ya uvimbe wa mjomba kinachopimwa maabara yakitoka nitumie picha, nikusomee.

Wako,
Zainabu