Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama: mwaka wetu wa kuvizia sayari za mbali

Ndugu wanachama, habari za huko mliko na poleni na majukumu. Katiba yetu inanitaka nitoe taarifa kila mwaka na kawaida inaanza na hesabu, ila hesabu mhazini ameshaziandika vizuri kwenye taarifa yake, deni hatuna, wachache ambao ada bado atawasiliana nao mmoja mmoja. Basi mi naomba hii nafasi niitumie kuongelea kile tunachokifanya usiku, yaani kuzifuatilia sayari zinazozunguka nyota nyingine, maana ndo kilichotukutanisha.

Niwaanzie wapya kwanza, kwa sababu karibu wote wameniuliza swali lilelile, hizo sayari mnaziona? Hatuzioni. Tunachokiona ni nyota inafifia kidogo alafu inarudi kama ilivyokuwa, basi. Sayari inapokatiza mbele ya nyota yake inaziba kipande cha mwanga, na ukiwa unapiga picha mfululizo na kupima mwanga wa nyota kwenye kila picha unapata grafu yenye kibonde katikati, hicho kibonde ndo sayari yenyewe. Sayari yenye ukubwa wa Mshtarii ikikatiza nyota kama Jua letu inaziba kama asilimia 1 ya mwanga, hiyo tunaiweza. Dunia yetu ingeziba hata sehemu 1 kati ya 10,000 haifiki, hiyo hatuiwezi kabisa kwa sababu hewa tu ya juu yetu inatikisa mwanga kuliko hapo. Ndo maana darubini ya Kepler ikapelekwa angani mwaka 2009 ikawa inakodolea macho sehemu moja ya anga yenye nyota kama 150,000, na ilipoishiwa mafuta 2018 tayari darubini nyingine, TESS, ilikuwa imesharushwa mwaka huohuo, na yenyewe inapekua karibu anga lote kipande kwa kipande. Sayari zilizothibitishwa saivi zimevuka 6,000. Wazee wa chama mnakumbuka mwaka 1995 wanaastronomia Michel Mayor na Didier Queloz walipotangaza sayari ya nyota 51 Pegasi kutoka kituo cha Haute-Provence kule Ufaransa, na wao hata hawakuona kibonde, walipima jinsi nyota inavyoyumba, inakuja kwetu na kurudi nyuma kwa kasi ya mita hamsini na kitu kwa sekunde, yaani mbio za gari la mashindano, wakajua kuna kitu kikubwa kinaivuta kila baada ya siku 4 na kidogo.

Sasa kama wenzetu wana mitambo hiyo, sisi na darubini za uani tunafanya nini? Hili nataka nilieleze vizuri maana kuna wanachama nimewasikia wakisema tunarudia tu kazi iliyokwisha. Haijaisha. Chukua sayari inayozunguka kila siku 3, na muda wake wa mzunguko umekosewa sekunde 1 tu. Kwa miaka 10 imeshazunguka mara 1,200 na zaidi, na zile sekunde zimejumlishana zimekuwa kama dakika 20. Mtu aliyepewa saa chache za kutumia darubini ya anga ya James Webb hawezi kufika anakuta kukatiza kulishaanza bila yeye. Kwa hiyo lazima kuwe na watu wanaorudi kwenye sayari zilezile mwaka baada ya mwaka kuhakikisha ratiba iko sawa, na kwa zile kubwa zinazokatiza nyota angavu, darubini ya kioo cha sentimita 20 au 25 inatosha. Ulaya wanaandaa darubini ya anga inaitwa Ariel kwa ajili ya kupima hewa za sayari hizi, na kuna mradi wa ExoClock unaopokea vipimo kutoka kwa watu kama sisi ili ratiba za Ariel zisije kupishana na sayari zenyewe. Alafu kuna hili la TESS pia, pikseli zake, vile vitone vinavyounda picha, ni pana mno, nyota mbili tatu zinaweza kuingia kwenye pikseli moja na huwezi kujua ipi imefifia, ila darubini ndogo ya ardhini inazitenganisha bila shida.

Nije kwenye tukio la mwaka, lile ambalo wengi mlilifuata kwenye grupu na naona halikuelezwa lote.

Tulikuwa tunafuata sayari ya HD 189733 b, ile iliyo kama miaka 64 ya nuru kutoka hapa, inazunguka nyota yake kwa siku 2 na kitu na inaziba zaidi ya asilimia 2 ya mwanga, kwa mtu anayejifunza hakuna nzuri kuliko hiyo. Grafu ikatoka safi kabisa, kibonde kizuri, ila kimechelewa dakika 4 kuliko ratiba. Tukarudia mzunguko mwingine, kimechelewa tena. Jamani tulifurahi! Maana wote tunajua habari ya nyota ya TRAPPIST-1, sayari zake saba zinavutana, moja inachelewa nyingine inawahi, na kutokana na kuwahi na kuchelewa huko wataalamu wakaweza kuzipima uzito. Kwa hiyo kwenye grupu watu wakaanza kuandika kuna sayari ya pili pale, na mimi mwenyekiti wenu nilikuwa nimeshaandika rasimu ya barua ya kutangaza, imebaki kuituma tu. Ndo dada mmoja, wa mwaka wa kwanza kwenye chama, akauliza kwa upole: saa ya ile kompyuta ilisawazishwa lini mara ya mwisho?

Kimya. Kumbe kompyuta ya darubini ilikaa wiki kadhaa bila intaneti na hakuna aliyeangalia, tukailinganisha na saa sahihi tukakuta iko mbele dakika 4 karibu na nusu, yaani sayari haikuchelewa, saa yetu ndo iliwahi.

Nawaomba msilichukulie kama aibu ya mtu mmoja, mimi ndo nilipaswa kuuliza. Sayari hii watu wanaipima tangu 2005, ingekuwa inachelewa dakika 4 lingeshajulikana zamani, na hizi sayari kubwa zilizo karibu sana na nyota zao mara nyingi hazina jirani wa karibu wa kuzivuta. Nilijua yote hayo na bado nilitaka iwe kweli. Hata wakubwa yamewakuta. Mwanaastronomia Peter van de Kamp kwenye kituo cha kuangalia nyota cha Sproul kule Marekani alipima nyota ya Barnard kwa miongo kadhaa, mwaka 1963 akatangaza ina sayari, vitabu vikaandika, na miaka kumi baadaye wengine wakapima hawakuona kitu, ikaja kuonekana kwamba mruko kwenye vipimo vyake unaendana na wakati lenzi ya darubini ilipofanyiwa marekebisho. Alikuwa anapima darubini yake bila kujua. Nyota ileile mwaka 2024 imepatikana ina sayari kweli, ndogo, inazunguka kwa siku 3 na kidogo, haina uhusiano wowote na ile aliyoitangaza yeye.

Kuhusu saa kuna jambo la pili ambalo bado wanachama wanalisahau. Dunia inazunguka Jua, kwa hiyo kuna miezi tuko upande wa karibu na nyota na miezi tuko upande wa mbali, mwanga wa nyota unaweza kutufikia dakika 8 mapema au dakika 8 baadaye kutegemea na mwezi. Programu inasahihisha yenyewe ila lazima uiambie uko wapi na nyota ni ipi, ukiacha wazi unatuma muda usio na maana. Naomba sana.

Kazi ya usiku kwa ujumla imeenda vizuri, ila kuna usiku mmoja mwanachama alifika akakuta nyota kwenye skrini zimekuwa vidonge vikubwa vyenye ukungu, kwa nia njema kabisa akarekebisha lenzi zikawa kali kama sindano, na data ya usiku ule ikakatika vipande viwili visivyoungana. Wapya nisikilizeni, ule ukungu tunauweka makusudi, mwanga ukisambaa kwenye pikseli nyingi kipimo kinatulia na nyota angavu haizidi uwezo wa kamera. Msiguse.

Na tusiondoke mapema. HD 189733 b inakatiza kwa karibu saa 1 na dakika 50, ila tunahitaji saa nzima kabla na saa nzima baada, la sivyo hatujui mwanga wa kawaida wa nyota ni upi na kibonde kinakosa pa kuegemea. Najua saa ile ya mwisho ni ngumu, kila mtu ameshaona alichokuja kuona, baridi, usingizi, lakini grafu zetu tatu mwaka huu zimeharibikia hapohapo.

Jingine nimegundua kuna usiku mbaya umefutwa kwenye diski. Mawingu yaliingia katikati, mtu akaona haya akafuta. Tafadhali usifute. Nusu ya kibonde bado inaonyesha sayari ilianza kukatiza saa ngapi, na hata usiku usio na kitu unatusaidia kujua kamera inakosea kiasi gani.

Mwaka unaokuja kamati imekubali tununue kipokezi cha GPS kwa ajili ya saa, ili tusitegemee intaneti tena, na tumeanzisha kazi mpya ya mtunza saa, anayesawazisha saa kabla ya kila zoezi na kusaini daftarini. Dada aliyeuliza lile swali amekubali kuianza, ila hawezi kuwepo kila usiku na anahitaji mwenzake. Anayeweza amwandikie katibu kabla ya mkutano mkuu, na aje na daftari.