Kwa mabinti mnaoanza kazi ya uhakimu

Wanangu,

Nimeshastaafu, lakini nikisikia mmoja wenu ameombwa ajitoe kwenye shauri kwa kuwa ni mwanamke, moyo unanirudi nyuma. Niliombwa hivyo nami, katika shauri la mirathi. Mashemeji wa mjane walisimama wakasema nitampendelea kwa kuwa na mimi ni mke wa mtu. Nikababaika, nikajitoa. Jalada likahamishiwa kwa hakimu mwingine, na yule mama akaanza upya. Inaniuma mpaka leo.

Laiti wakati ule ningekuwa namjua jaji Constance Baker Motley. Alizaliwa New Haven, Marekani, mwaka 1921. Wazazi wake walitoka kisiwa cha Nevis, baba akiwa mpishi. Karo ya chuo alilipiwa na tajiri mmoja aliyemsikia akisema wazi mkutanoni. Akawa wakili chini ya Thurgood Marshall, wakili mashuhuri wa haki za Wamarekani weusi, yule yule aliyewashauri wajumbe wa Kenya kwenye mazungumzo ya katiba kule Lancaster House, London, mwaka 1960. Alisimama mara 10 mbele ya Mahakama ya Juu, akashinda 9. Ndiye aliyempigania James Meredith, kijana mweusi aliyekataliwa kwa rangi yake, hadi akaingia Chuo Kikuu cha Mississippi mwaka 1962. Rais Johnson alipomteua kuwa jaji wa shirikisho mwaka 1966, Seneta James Eastland wa Mississippi alimwekea vizuizi kwa miezi kadhaa, akidai ni mkomunisti. Hata hivyo alithibitishwa, mwanamke mweusi wa kwanza kwenye kiti hicho.

Ila ninalotaka mlishike ni la mwaka 1975. Kampuni ya mawakili ilishtakiwa kwa kuwabagua wanawake kazini, nayo ikamtaka Motley ajitoe: ni mwanamke, tena amewahi kutetea waliobaguliwa. Alikataa kwa maandishi. Alisema kama jinsia, rangi au historia ya jaji inatosha kumwondoa, hakuna jaji wa mahakama ile angeweza kuisikiliza kesi hiyo, kwani wote walikuwa mawakili kabla, na kila mmoja ana jinsia yake.

Basi mkiombwa, jiulizeni kwanza bila kujidanganya: nina undugu na mdaawa, yaani yeyote kati ya wanaoshtakiana? Nina maslahi? Niliwahi kulishughulikia shauri hili? Likiwepo hata moja, jitoeni siku hiyo hiyo, wala msione haya. Lisipokuwepo, andikeni sababu zenu zote kwenye jalada, mahakama ya rufani izisome, kisha mwiteni shahidi wa kwanza.