Faili zetu zinakaa wapi ndani ya kishikwambi?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linalotusumbua walimu tunaotumia vishikwambi huku Gulu. Tangu Julai 2021 data za intaneti nchini Uganda hutozwa ushuru wa asilimia 12, kwa hiyo mtu mwangalifu hupakua kitabu mara moja na kukihifadhi ndani ya kifaa chake. Taabu huanza anapokitafuta.

Mimi nilipoteza maandalio ya masomo ya muhula mzima kwa kufuta programu moja ya kusomea, nikidhani faili zangu zingebaki; kumbe zilikuwa ndani ya kabrasha la programu hiyo yenyewe, ambalo Android, mfumo unaoendesha kishikwambi changu, hulifuta pamoja nayo. Tangu Android 11 ya mwaka 2020, makabrasha ya namna hiyo yamefungwa hata kwa programu nyingi za kusimamia faili. Sababu ni usalama, nami siipingi, ingawa inaudhi mtu kuzuiwa kuingia stoo ya nyumba yake. Watumiaji wa iPad nao walipata programu ya Files, ya kutazamia faili zao, mwaka 2017 tu, ulipokuja mfumo wao wa iOS 11.

Nawashauri wasomaji wahamishie nyaraka zao kwenye kabrasha la Documents, wazipe majina yanayoeleweka, na waweke nakala kwenye kadi ya kumbukumbu kabla ya kufuta programu yoyote. Wauzaji nao, ambao hawachoki kutusifia kamera, wangetenga dakika tano kumwonyesha mnunuzi mahali faili zake zinapokaa.

Mwalimu,
Gulu