Rodista za mtindo wa kale: wameiga kromu wakasahau kimo

Mhariri, assalaam aleikum,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wenu wa barua maana ile makala ya wiki iliyopita kuhusu gari za wazi za siti mbili, hizi rodista mpya zinazotengenezwa kwa sura ya kizamani, imenikaa rohoni tokea siku nilipoisoma. Mwandishi wenu kazitia zote kapu moja akasema zimerudisha uzuri wa kale. Mie nasema hapana, zipo zilorudisha kweli na zipo zilovaa tu nguo ya zamani, na tofauti yake inaonekana kabisa ukijua pa kutazama. Kazi yangu ni bodi na rangi, niko Mwanakwerekwe, kutwa kiganja changu kiko juu ya milango na fenda za watu, kwa hiyo ninapozungumzia umbo la gari sizungumzi kwa kusikia.

Pa kutazama ni kimo. Tazama mlango ubavuni, kutoka chini mpaka pale kioo kinapoanzia, halafu tazama tairi na halafu tazama boneti imeinuka kiasi gani. Zile gari za Kiingereza za miaka ya 50 na 60 ambazo ndo kila mtu anaziiga milango yake ni mifupi, mtu akikaa ndani akiteremsha mkono nje anakaribia kugusa lami, boneti iko chini, rimu ni inchi 13 au 14 au 15 basi, na gari nzima ni nyepesi. Lotus Elan ya 1962 haikufika kilo 700, bodi yake ya faiba imekaa juu ya chesisi moja ya chuma iliyopita katikati tu. Uzuri wake ulitoka hapo, kwenye udogo na wepesi, hakuna aliyekuja baadae kuupaka juu.

Na Austin-Healey Sprite ya 1958, ile yenye taa mbili zimetokeza juu ya boneti watu wakaiita macho ya chura. Walioitengeneza walitaka taa za kulala na kuinuka, wakaona gharama itapanda, wakaziacha zimesimama vile vile. Buti haina hata mlango wa nje, mzigo wako unaupitisha nyuma ya siti. Yaani ule uso unaopendwa dunia nzima umekuja kwa sababu walikuwa wanabana pesa gari iwe rahisi kijana aweze kununua. Sasa leo mtu anachora taa za duara anaziweka kwenye gari nzito, pana, ya bei kubwa, hapo mie nauliza anaiga kitu gani hasa, maana sababu ya zile taa kuwa pale haipo tena.

Waliofahamu ni Wajapani, na hili nalisema kwa moyo wote. Mazda walipotoa MX-5 mwaka 1989 pale Chicago, kwao Japani wakaiita Eunos Roadster, waliitazama ile Elan lakini hawakuichukua kromu yake, yaani ule urembo wa chuma cha kung'aa, walichukua vipimo vyake. Kilo 940 hivi, injini ya 1.6 mbele, inasukuma tairi za nyuma, rimu 14, taa za kufumba na kufumbua kama Elan, bodi laini haina mikunjo, ukipitisha kiganja kutoka taa ya mbele mpaka ya nyuma hukutani na kona hata moja. Taa yake ya nyuma iko kwenye makumbusho ya sanaa ya kisasa ya New York, taa ya nyuma peke yake jamani, mtu wa bodi akisikia hivyo lazima afurahi. Na gari zenyewe zimeuzwa zaidi ya milioni moja, hakuna gari ya michezo ya wazi ya siti mbili iliyouzwa kuliko hiyo duniani.

Halafu wakaja wakafanya jambo ambalo wengine wameshindwa. Kila gari mpya huwa kubwa kuliko ya kabla yake, tunaona hata kwenye Corolla na RAV4 zinazoteremka hapa bandarini kwetu Malindi, lakini hii MX-5 ya sasa ya 2015 ni fupi kuliko ile ya kwanza ya 1989, na uzito wameurudisha hadi kilo elfu moja hivi. Uso wake si wa kizamani hata kidogo, macho membamba, hakuna duara wala kromu, lakini ukiisimamisha ubavu kwa ubavu na zile za Kiingereza utaona ni damu moja. Hiyo kwangu ndo rodista ya kale iliyobakia.

Na ushahidi mzuri ni ndugu yake, Fiat 124 Spider iliyotoka 2016. Gari ni ile ile ya Mazda, imetoka kiwanda kile kile cha Hiroshima, Fiat wakaweka injini yao ya lita 1.4 ya taabo (turbo) na bodi yao waliyoichora ifanane na 124 ya mwaka 1966. Shoo ya mbele ya kizamani, nundu mbili juu ya boneti. Zile nundu kwenye gari ya zamani ziliwekwa injini ilipokuwa kubwa ikataka nafasi, kwenye hii mpya ni pambo. Wakaongeza na urefu sentimita 14 hivi ili pambo lipate pa kukaa. Sisemi mbaya, ni gari nzuri na nyuma yake imetulia kweli, lakini ziweke mbili pamoja, ile isojidai kuwa ya zamani ndo ina umbo la zamani zaidi. Fiat wenyewe hawakufika mbali nayo, 2020 ilikuwa imeshakwisha.

Nikuelezeni na jambo la mikunjo maana hili mtu asiyeshika msasa halioni. Mlango ukiwa mrefu kwenda juu gari inakuwa kama ukuta, mchoraji anajua hilo, kwa hiyo anapiga mstari hapa, anakunja bati pale, anaweka matundu ya hewa ya uongo nyuma ya tairi la mbele, ili jicho lihangaike lisiuone ule ukuta. Gari fupi haina haja ya hayo. Ubavu wa MGB, ile rodista ya Kiingereza ya 1962, una mstari mmoja tu mwembamba umepita kutoka mbele mpaka nyuma, basi. Na bodi iliyo laini ndo ngumu kuinyoosha ikibonyea, kwa sababu kosa dogo la puti linaonekana likimulikwa na jua, huna pa kulificha, kwa hiyo mtu asidhani usahili ule ulikuwa uvivu wa mchoraji.

Wamarekani nitawapitia haraka. Ford Thunderbird ya 2002 mpaka 2005, ile yenye kidirisha cha duara kwenye paa la kuvua, uso wa 1955 lakini mwili wa gari kubwa la mjini, kilo 1,700. Plymouth Prowler ndo nnaiheshimu zaidi, tairi za mbele ziko nje kabisa, pua imechongoka, haikumuogopa mtu, lakini sheria za kwao zikawalazimisha waitie bampa mbili za plastiki mbele zinazoharibu pua yote, na ndani wakatia V6, injini ya silinda sita, na gia otomatiki wakati umbo lote linalia V8 ya silinda nane.

Katika zile za matajiri ilofanikiwa ni BMW Z8, mchoro wa Henrik Fisker, wameifuata 507 ya miaka ya 50 ambayo zilitengenezwa 250 na kidogo tu na ikakaribia kuwafilisisha BMW. Z8 ni nzito lakini boneti yake ndefu ina sababu, kuna V8 chini yake iliyorudishwa nyuma, na taa za kuonesha kona wamezificha ndani ya yale matundu ya ubavuni mpaka ziwake ndo uzione. Pale wameiga kwa adabu, mtu akiitazama anaona mchoraji aliipenda 507 akataka iendelee kuishi.

Nissan Figaro nayo mwandishi wenu ameidharau na hapo ndo kaniudhi hasa. Kasema ni mchezo wa kitoto. Figaro ilitoka 1991, zilitengenezwa 20,000, watu walikuwa wengi kuliko gari mpaka wakapigiwa bahati nasibu nani anunue. Chini ni Nissan March, injini ndogo haifiki lita moja ina taabo, gia otomatiki tatu. Kweli si rodista kamili maana nguzo za pembeni zinabaki, linalokunjwa ni turubali la juu tu. Lakini haikujidai mbio, haikujitia misuli, vitufe vya rangi ya maziwa, siti nyeupe, vipimo vidogo, rimu 12, kila kitu kimelingana na kimo chake. Na usukani uko kulia kama gari zetu sote. Ilitengenezwa itembee taratibu na paa wazi, na kwa barabara kama ya Bububu jioni baada ya alasiri, upande mmoja bahari, nani hapa kwetu anahitaji zaidi ya hapo?

Ilonisikitisha ni MG Cyberster kwa sababu jina lile ni kubwa. MG sasa ni ya Wachina wa SAIC, hilo halina neno, mie sina ubaguzi wa nani katengeneza, Wachina wanajua bodi. Lakini MGB ilikuwa mita 3.9 na kilo mia tisa na kitu, na hii ya umeme ni mita 4.5 na ile ya mota mbili inakaribia kilo 2,000, rimu 19 na 20, milango inafunguka kwenda juu, taa za nyuma zimechorwa mishale. Betri iko chini ya sakafu, wameifanya nyembamba sana kwa kweli na nawapa haki yao, lakini bado mtu anakaa juu yake na mwili wa gari lazima upande umfuate. Bega lake la nyuma ni zuri, pale kweli mchoraji kaweka mkono wa MG ya zamani. Wangeliifanya ndogo betri ndogo masafa mafupi mie ningelikuwa wa kwanza kuisifia.

Najua majibu yatakayokuja, kwamba sheria haziruhusu tena. Ni kweli na ni sheria za haki, mlango lazima uwe na chuma ndani cha kuzuia ajali ya ubavuni, boneti lazima iwe na nafasi juu ya injini ili mtu akigongwa kichwa kisikutane na chuma, zile taa za kuinuka nazo zimekufa tokea 2004. Lakini sheria hizo hizo Mazda wanazifuata na gari yao iko chini. Jaguar 2006 waliweka boneti inayojiinua yenyewe gari ikimgonga mtu, ili siku zote iweze kukaa chini. Njia zipo kwa anayetaka.

Kromu nayo niseme kama fundi. Bampa ya zamani ilikuwa chuma kimechovywa, ikipigwa unainyoosha, ikipata kutu unaivua ikachovywe tena inarudi kama mpya. Hii ya leo ni plastiki iliyopakwa, na kwa chumvi ya kisiwa hichi na jua letu inabanduka maganda maganda na hakuna dawa, ni kutupa. Vijana wananiletea picha kwenye simu wanataka niwabandikie vipande hivi kwenye gari zao ziwe na sura ya kale, matundu ya kubandika, fito za kubandika, na mie nawakatalia nikawaeleza kwa nini. Ni sawa na hoteli ya saruji ilotiwa mlango wa kuchonga wenye misumari ya shaba wakati ukuta, dari na ngazi havina habari na mlango ule.

Kama mnataka kuandika juu ya watu wanaoshika ukale kweli basi andikeni Morgan wa Malvern, Uingereza, wapo tokea kabla ya vita vya kwanza, chesisi sasa ni ya aluminiamu na injini wanachukua BMW lakini fremu ya bodi mpaka leo ni mbao, seremala anaikata na kuiunga kwa mkono kisha bati linavikwa juu yake. Mafundi wetu waliokuwa wakijenga bodi za mbao za gari za shamba juu ya chesisi za lori wangeliingia kwenye kiwanda kile wakaanza kazi siku ile ile. Hilo ni jambo la kuandikwa gazetini kwetu, na baadhi ya wazee hao bado wapo, wafuateni mapema.

Na ombi langu la mwisho Mhariri, picha mlizotoa zote saba zilikuwa za mbele. Uso wa gari ndo pahala pepesi kuigiza, msomaji anaona taa za duara anaridhika. Mkitoa tena toeni picha ya ubavuni, gari imesimama sawa, na mtu mzima amesimama pembeni ya mlango, na chini yake muandike urefu, kimo na uzito.

Fundi bodi,
Mwanakwerekwe, Unguja