Mjomba, Lunga Lunga ilipofungwa ulikuwepo

Mjomba wangu wa Leicester, Uingereza,

Assalaam alaikum. Huku Kibokoni, Mombasa, hatujambo. Mama goti lake ni lile lile, na kusi imeshika kasi, madirisha ya ghorofani yanagonga usiku kucha kwa sababu fundi uliyemtumia pesa bado hajatokea.

Ungeyasema yale maneno kwa mama peke yake kwenye simu, ningenyamaza. Mimi ni mtoto kwako. Lakini uliyasema kwenye kundi la ukoo, ambamo Tanga wamo, Pemba wamo, Dubai wamo, na sauti yako ya dakika sita imezungushwa hata nikaja kuisikia mara ya pili kwa kinyozi, nimepakwa povu shavu moja. Kinyozi akauliza, "Huyu si mjombako?" Nikasema ndiye. Basi na jibu langu nalitoa barazani. Nikipungukiwa adabu, nitakuomba radhi ukija.

Umesema Kenya ijitoe kwenye Jumuiya ya Afrika Mashariki. Umesema Uingereza ilijitoa Umoja wa Ulaya na kule jua bado linachomoza. (Leicester, jua. Haya.)

Najua kilichokuwasha. Julai 2025 Tanzania ilitangaza biashara 15 ambazo mgeni haruhusiwi kuzifanya: kutengeneza simu, uwakala wa pesa za simu, saluni, kuongoza watalii, kununua mazao shambani. Uwakala wa forodha nao umo, ndiyo kazi inayonilisha. Kwa hiyo usidhani nawatetea kwa vile mimi sikuguswa. Nilipoisoma orodha ile nilitukana kwa sauti, mama akauliza nimeumwa na nini. Itifaki ya soko la pamoja ilianza kazi Julai 2010. Miaka 15 kamili baadaye, mwezi ule ule, tunaambiwa sisi ni wageni. Inauma.

Lakini kutoka? Na wa kusema hivyo uwe wewe?

Mama ana kopo la biskuti chini ya kitanda. Ndani mna karatasi yako ya mshahara ya mwaka 1975, imegeuka rangi ya chai, na juu yake jina la Shirika la Bandari la Afrika Mashariki, la ile Jumuiya ya kwanza ya Kenya, Uganda na Tanzania. Makao makuu Dar es Salaam, na wewe ukihesabu magunia Kilindini. Reli makao yake Nairobi, posta Kampala. Ulikuwa ukituhadithia, ukija likizo, vile karani wa Mombasa alivyoweza kuhamishiwa Tanga au Mtwara akabaki mfanyakazi wa shirika lile lile. Ndivyo mama mdogo alivyopata mume: alikuwa mwenzako wa kazi, mkila sahani moja.

Kisha wakubwa wakakosana. Nyerere hakutaka kukaa na Idi Amin baada ya mapinduzi ya 1971. Tanzania ikaona Kenya inafaidi peke yake, Kenya ikaona inabebeshwa gharama za wenzake. Mwanzoni mwa 1977 ndege za shirika la pamoja zikaacha kuruka, Kenya ikaanzisha shirika lake, na Februari Tanzania ikafunga mpaka, na huu wetu wa Lunga Lunga wa kwendea Tanga ukiwamo. Jumuiya ile ikavunjika. Mpaka haukufunguliwa hadi Novemba 1983.

Bibi alifariki 1979. Mama mdogo alipata habari siku ya tatu, akaja usiku kwa ngalawa kutoka Jasini hadi Vanga, mtoto mgongoni, na alipofika Kibokoni hitima ilikuwa imekwisha, mikeka imeshakunjwa na kuegeshwa ukutani. Sikuitunga mimi hadithi hii. Ni wewe uliyenipa, kwenye baraza hii hii, na ulipofika kwenye mikeka ulinyamaza ukaomba maji.

Mali za Jumuiya ile zilipigiwa hesabu na msuluhishi kutoka Uswisi, Victor Umbricht, na mkataba wa mgawanyo ukatiwa saini Arusha Mei 1984. Miaka saba ya kuhesabu mabehewa na madeni. Wako wazee upande wa Tanzania waliodai mafao yao miaka mingi baada ya hapo.

Sasa kura yako ya Brexit, ile ya Uingereza kutoka Umoja wa Ulaya. Mwaka 2016 nilikuuliza kwa nini ulichagua kutoka, ukanipa jibu ambalo hadi leo nalikubali nusu. Ulisema, "Mwaka sabini na saba hakuna aliyeniuliza. Hapa wameniuliza." Ni kweli. Raia wa nchi za Jumuiya ya Madola waliokuwa wakiishi Uingereza waliruhusiwa kupiga kura ile, kwa hivyo wewe na pasi yako ya Kenya uliingia kituoni tarehe 23 Juni ukapewa karatasi na penseli. Jirani yako kutoka Polandi, aliyelipa kodi mtaani hapo miaka kumi, hakupewa. Mtu aliyeona nchi tatu zikitengana bila yeye kuulizwa, akija kuulizwa na nchi ya watu, sishangai akichukua penseli kwa nguvu.

Nusu ya pili ilikuwa hasira, na hiyo nayo naijua. Viza ya mama ilikataliwa mara mbili, mara ya pili alitaka kuja kumzika mkeo. Na huku vijana wa Ulaya wanashuka kwenye basi na begi moja, hawaulizwi kitu. Wapiga kampeni wakawaambia Waasia na Waafrika kwamba Ulaya ikiondolewa, mlango utakuwa mmoja kwa wote. Ukaamini.

Nikupe haki yako: haukuwa uongo mtupu. Baada ya kutoka, Wazungu wa Ulaya walipungua, wakaja wengi kutoka kwingineko, na katika mwaka ulioishia Juni 2023 walioingia waliwazidi waliotoka kwa zaidi ya laki tisa. Waliopiga kura ili wageni wapungue sijui waliipokea vipi hesabu hiyo. Binti wa dadangu naye alipata viza ya kulea wazee, akaondoka Mei 2024. Ila tangu tarehe 11 Machi mwaka huo walezi wapya walikatazwa kwenda na mume wala watoto. Mwanawe wa miaka minne yuko hapa, analala na mama. Kila Ijumaa tunamshikia simu amwone mamake amevaa sare ya kazi, na sasa ameshazoea kuibusu simu hata ikiwa imezimwa. Julai 2025 kuajiri walezi wapya kutoka nje kukasimamishwa. Mlango ulifunguliwa kweli, mjomba. Lakini kitasa kiko upande wao.

Tuangalie na hesabu ya kura yenyewe. Waliosema watoke walikuwa milioni 17.4, asilimia 51.9. Waliosema wabaki, milioni 16.1. Tofauti yake ni kama umewachukua watu wote wa kaunti ya Mombasa, na watoto wachanga ndani, ukawaweka upande mmoja. Scotland asilimia 62 walitaka kubaki. Ireland ya Kaskazini karibu 56. Hata Leicester yako ilitaka kubaki, kwa asilimia 51. Ulishindwa mtaani ukashinda nchini.

Na swali lilikuwa moja tu, kubaki au kutoka. Kutoka vipi, kupitia mlango gani, na vyombo vya nani, hilo halikuwa kwenye karatasi. Palikuwa na lile basi jekundu la wapiga kampeni wa kutoka, lililoandikwa kwamba pauni milioni 350 zinapelekwa Ulaya kila wiki, heri zipewe hospitali. Mamlaka ya takwimu ya huko huko ikasema hesabu hiyo inapotosha. Sisi matatu zetu zimeandikwa kila aina ya uongo ubavuni, lakini hatujawahi kuvunja nyumba kwa maandishi ya matatu.

Asubuhi ya pili waziri mkuu wao, David Cameron, akatangaza anajiuzulu, na pauni ikaanguka mbele ya dola hadi ilipokuwa haijafika tangu 1985. Hapo ndipo Brexit ilipoingia Kibokoni. Mama hakufuata siasa, ila aliona pesa zako zimepungua shilingi na unga uko bei ile ile. "Kakangu ameanza ubahili?" Nikamweleza. Akasema, basi huo ubahili ameupigia kura mwenyewe.

Mkataba wa kutoka wa Theresa May, aliyemrithi Cameron, ulikataliwa bungeni mara tatu, 2019. Wakatoka rasmi 31 Januari 2020, chini ya waziri mkuu Boris Johnson, lakini sheria za Ulaya zikaendelea kutumika hadi 31 Desemba. Mama alipoelezwa alicheka: "Hiyo si eda? Ameachwa lakini bado yumo nyumbani."

Kwangu mimi, mtu wa forodha, yote hayo si kitu mbele ya Ireland. Huko kuna mpaka wa karibu kilomita 500, kati ya Ireland ya Kaskazini iliyo chini ya Uingereza na Jamhuri ya Ireland iliyomo Umoja wa Ulaya, ambao ulikuwa na wanajeshi na vizuizi, na baada ya mkataba wa amani wa 1998 ukawa huwezi kujua umeuvuka. Uingereza ilipotoka, mpaka ule ukawa ndio ukingo wa soko la Ulaya, na mzigo ukivuka ukingo wa soko lazima mtu aukague mahali fulani. Mahali gani? Kwenye barabara zile hakuna aliyethubutu. Wakaupeleka ukaguzi baharini, kati ya Uingereza na Ireland ya Kaskazini, yaani nchi ikajiwekea forodha ndani ya nchi yake. Wakagombana, wakapunguza makali ya masharti Februari 2023 kule Windsor, na bado fomu zipo. Wengi wa watu wa pale walikuwa wamesema hawataki kutoka. Nikiwafikiria, namwona mama mdogo kwenye ngalawa.

Na sisi je? Uingereza ilipokuwa ndani ya Ulaya, maua yetu na mishiri, yale maharagwe mabichi, yaliingia bila ushuru. Ilipojitenga, majirani zetu kwenye Jumuiya walikuwa na kinga, kwa kuwa wanahesabiwa nchi zenye maendeleo duni. Kenya peke yake haimo kwenye kundi hilo. Ikabidi serikali yetu ikimbilie London kutia saini mkataba wake wa biashara tarehe 8 Desemba 2020, siku 23 kabla ya mlango kufungwa. Jirani zetu hawakutia. Tayari mwaka 2016 Tanzania ilikuwa imekataa kuusaini ule wa Ulaya, na kujitoa kwa Uingereza ni mojawapo ya sababu walizotaja. Kwa hivyo kura uliyoipiga Leicester ilikuja kututia ufa huku, kati yetu na Tanga.

Sasa unataka tufanye hayo hayo kwa hiari. Nimeutazama mkataba wa Jumuiya yetu. Kifungu cha 145 kinasema nchi ikitaka kutoka, theluthi mbili ya wabunge wote wakubali, kisha ipeleke notisi ya miezi 12. Kura ya wananchi haimo. Lile ulilolililia, la kutoulizwa, ndilo litakalotupata tena.

Njoo ofisini kwangu siku moja. Sehemu kubwa ya mizigo ya transiti inayopita bandari yetu ni ya Uganda, na tangu 2014 maafisa wa ushuru wa Uganda wanakaa hapa hapa Mombasa; kodi inalipwa kabla kontena halijatoka getini. Nilipoanza kazi lori lilikuwa linakaa njiani wiki mbili na zaidi, dereva anaoga mtoni, anapika chini ya trela. Siku hizi ni siku chache. Toa Kenya kwenye Jumuiya, mzigo ule unateremka Dar es Salaam, na vijana wa Changamwe wanaoziba pancha usiku wataziba za nani? Nenda Kongowea alfajiri msimu wa machungwa. Yale magunia yametoka Muheza. Mama muuzaji anamtukana Mtanzania kwa amri ya Julai, na mkono wake mwingine unachagua chungwa la Mtanzania kwa kulibonyeza kidole gumba kama anapima homa ya mtoto. Hasira yake ni ya haki. Tugombane nao, tuwapeleke kwenye mahakama ya Jumuiya kule Arusha, tuwanunie mwezi mzima. Na sisi si malaika: Machi 2021 tuliyazuia mahindi yao na ya Uganda kwa sababu ya sumukuvu, malori yakapanga foleni mpakani, na wao nao walitutukana.

Ukipenda, nijibu kwenye kundi. Nitakusoma mpaka mwisho, na nimewaambia vijana wasikuwekee vile vikatuni vya kucheka.

Harusi ya mjukuu wa mama mdogo ni Desemba, Tanga. Basi linatoka Mwembe Tayari saa kumi na mbili asubuhi, nimekushikia kiti cha dirishani upande wa bahari. Beba kadi ya chanjo ya homa ya manjano, wanaiuliza. Mpakani utashuka mara moja tu, maafisa wa Kenya na wa Tanzania wamo jengo moja. Mama anataka mpige picha hapo, wewe na yeye na mama mdogo. Na anasema usisahau ile dawa ya kuchua goti, ya chupa ya kijani, hii ya huku haimsaidii.

Mwana wa dadako,
Kibokoni