Mbona kifaa cha kuvuna umeme wa mtetemo kinanyamaza mahindi yakianza kuingia?

Wenye vinu vya posho wa Kisenyi hapa Kampala na hata wa kule Jinja wanatuuliza hivi kila mara: bosi, hiki kifaa hapo dukani kwenu kilikuwa kinawasha sensa vizuri kabisa, joto la beringi linaonekana kwenye simu, sasa nimekifunga kwenye mota yangu, kinu kikipata mzigo tu kinalala. Kifaa hakijaharibika wateja wetu. Tatizo ni kwamba kilitengenezwa kwa spidi moja, na kinu chako hakina spidi moja.

Ndani ya kifaa mna ukanda mwembamba wa chuma umebanwa upande mmoja, ncha ya pili iko huru na ina kauzito kadogo, na juu yake imebandikwa seramiki ya piezo, ile ambayo ukiipinda inatoa umeme, jambo walilolionyesha ndugu wawili wa Ufaransa, Jacques na Pierre Curie, mwaka 1880. Mtetemo wa mota unausukuma ukanda huo kama mtoto kwenye bembea, ukimsukuma kwa wakati wake anapanda juu sana, ukikosea wakati unajichosha bure.

Sasa chukua mota ya poli nne, yaani yenye ncha nne za sumaku ndani, kwenye umeme wetu wa hezi 50 (hezi ni mara ngapi kwa sekunde). Bila mzigo inakaribia mizunguko 1500 kwa dakika, yaani 25 kwa sekunde. Mwaga mahindi, inashuka labda mpaka 1440, hiyo ni 24. Sikio lako halishtuki hata kidogo, lakini ukanda uliopangwa kwa 25 unaweza kuwa na nafasi ya nusu hezi tu, kwa hiyo hiyo hezi moja iliyopungua inakula karibu umeme wote. Injini ya dizeli ndiyo usiseme, spidi yake inapanda na kushuka kutwa nzima.

Dawa tunayoiamini ni sumaku. Moja kwenye ncha ya ukanda, nyingine kwenye boksi mbele yake, zinasukumana, basi ukanda unakataa kukaa katikati unapata sehemu mbili za kutulia, kushoto na kulia, na mtetemo ukiwa na nguvu ya kutosha unarukaruka huku na huku, na kuruka huko hakuhitaji hezi moja maalum. Watafiti wa Italia na wa Marekani walichapisha kazi zao juu ya mpango huu mwaka 2009, na tangu hapo watu wengi wanauboresha.

Lakini lazima tuseme ukweli, ukiweka sumaku karibu mno ukanda unanasa upande mmoja, unatetemeka kidogo pale pale na umeme unakuwa haba kuliko hata ule wa kifaa cha kawaida. Ndiyo maana hatupimi nafasi ya sumaku dukani. Tunaipima kinu kikiwa kinasaga, tunazungusha skrubu polepole huku tunaangalia volti mpaka ukanda uanze kuruka wenyewe.

Kuna jambo lingine linalowachanganya sana mafundi: mota ile ile, spidi ile ile, jana umeme ulikuwa mwingi leo kidogo. Mfumo wa sumaku unaweza kuwa na miendo miwili kwenye spidi moja, mkubwa na mdogo, na unaingia upi inategemea ulivyoanza, kwa hiyo umeme wa gridi ukikatika ukarudi kifaa kinaweza kuamkia ule mdogo na kubaki humo. Kwa hilo tunaongeza saketi ndogo inayotumia chaji iliyobaki kwenye kapasita, yaani kile kijidude kinachotunza umeme kidogo, kuupiga ukanda teke moja la umeme ili urudi kuruka.

Na boksi lifungwe vizuri! Nyundo za kinu zikilika zinatoa unga wa chuma na unga huo unaganda kwenye sumaku mpaka ukanda unakwama. Pia usikibane karibu na ekzosti, sumaku nyingi za neodimiamu za kawaida zinaanza kupoteza nguvu joto likipita nyuzi 80.

Usitegemee kuchaji simu, hizi ni miliwati chache, za sensa inayotuma ujumbe kila baada ya dakika kadhaa, na kwa kazi hiyo hutabadilisha betri tena. Ukija kwetu Katwe njoo na rekodi ya mtetemo: pakua programu ya kupima mtetemo, funga simu imara kwenye kitako cha mota, mbali na mkanda unaozungusha kinu, rekodi dakika moja bila mzigo na nyingine mahindi yakiwa yanaingia. Bila hizo mbili hatukuuzii.